ZZ umepasua chungu: niugawe vipi usije ukaoza?

MamaKibaraza, Tanga

Salamu kwenu nyote. Nina mmea ambao wauza maua huuita ZZ, kwa ufupisho wa jina lake la kisayansi, Zamioculcas zamiifolia. Nimekaa nao miaka minane katika chungu kilekile cha plastiki chenye upana wa sentimita 25. Tangu mwaka jana chungu kilianza kuvimba upande mmoja, na wiki iliyopita nilikuta kimepasuka kuanzia mdomoni hadi karibu na kitako. Ndani ya ufa vinaonekana viazi vya rangi ya kahawia iliyopauka, vimebanana kama magimbi yaliyoshindiliwa kikapuni. Nikimwagilia, maji hayakai, bali hupita pembeni na kutokea chini papo hapo. Mashina yamezidi ishirini na ya pembeni yameanza kulala.

Ningependa kupata vyungu vitatu au vinne, kimoja kikiwa cha dada yangu ambaye ameuomba kwa muda mrefu. Kinachonitia hofu ni kwamba mwaka juzi niligawa mwingine mdogo kuliko huu, nikaupanda siku hiyohiyo katika chungu kikubwa na kuunywesha maji mengi, na baada ya wiki tatu kila shina nililoligusa lilitoka mkononi likiwa limeoza chini. Nilikosea wapi? Je, kisu kinafaa?

Mwenye Kitalu, Bagamoyo

Dada, pole kwa hasara hiyo. Kwa maelezo yako, mmea wako uliuawa na maji, na chungu kikubwa kikayasaidia. Huu ni mmea wa upande wetu: asili yake ni mashariki mwa Afrika, kuanzia Kenya kushuka hadi Afrika Kusini, na porini huota hata kwenye miamba, ambako kiangazi kikizidi hupukutisha majani na kubaki hai kwa maji yaliyomo kwenye kiazi. Unapougawa, kila mahali kiazi kilipoachana na mwenzake panabaki jeraha, na jeraha bichi likizikwa kwenye udongo uliolowa huanza kuoza kabla halijafunga. Chungu kikiwa kikubwa, udongo ule usiofikiwa na mizizi hubaki na unyevu kwa wiki nzima au zaidi, kwa sababu hakuna wa kuyanywa maji yake.

Safari hii acha kumwagilia kwa muda wa wiki mbili hivi ili udongo uwe mkavu. Kwa kuwa chungu kimekwisha kupasuka, usivute mmea. Kikate chungu chenyewe kwa msumeno au mkasi mkubwa, kisha ulaze bonge lote kwenye gunia na kupangua udongo kwa vidole hadi uone viazi vilivyoungana. Hapo utagundua kwamba hayo unayoyaita mashina ni majani, kila moja na kikonyo chake kinene, na kwamba shina hasa ni hicho kiazi. Kwa hiyo fungu lisilo na kiazi si mmea bado, hata likiwa na majani marefu. Tikisa taratibu huku na huku. Mafungu mengi yataachana yenyewe. Pale yanapogoma, tumia kisu kikali kilichopanguswa kwa spiriti, upake unga wa mkaa kwenye jeraha, na uyaache kivulini siku tatu hadi jeraha liwe kavu kama ganda la muhogo uliokatwa jana.

Chungu kipya kizidi fungu kwa vidole viwili tu kila upande, na kiwe na matundu. Mimi huchanganya udongo wa bustani, mchanga mnene wa mto na pumba za mpunga kwa viwango sawa. Mchanga wa ufukweni usiutumie, kwani una chumvi. Funika viazi kwa udongo wa sentimita mbili au tatu, kisha subiri wiki nzima kabla ya kumwagilia mara ya kwanza.

Babu wa Vyungu, Mombasa

Nakubaliana na mwenzangu isipokuwa kuhusu kisu. Kwa bonge la miaka minane mimi nisingekata hata mara moja: ningetoa mafungu mawili au matatu yanayoachia kwa mkono, na kitovu chake ningekihamisha kizima, kwani mmea huu hukua polepole na vipande vidogo hukaa miezi kadhaa bila kutoa chipukizi. Vilevile ningengoja masika yaishe. Hewa ikiwa nzito kwa unyevu, majeraha huchelewa kukauka.

Vaa glavu, binti yangu. ZZ ni wa ukoo mmoja na magimbi, na utomvu wake una zilezile fuwele za kalsiamu oksaleti zinazowasha koo mtu akila gimbi lisiloiva vizuri. Watoto na paka wasikae karibu na gunia lako.

MamaKibaraza, Tanga

Shikamoo babu, nanyi nyote asanteni sana. Nitagawa kwa mkono na kuacha kitovu kizima. Nina swali moja lililobaki: majani yatakayong'oka bila kiazi niyatupe?

Mwenye Kitalu, Bagamoyo

Usiyatupe. Acha jeraha likauke, kisha chomeka kila moja kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, mahali penye mwanga usio wa jua kali. Hata jani dogo moja lililobanduliwa kwenye kikonyo hujitengenezea kiazi chini. Mwanzoni huwa kama punje ya mbaazi, na chipukizi la kwanza linaweza kuchukua hata mwaka kuonekana. Usilifukue kulichungulia, kwani vijizizi vyake hukatika upesi. Fungu la dada yako lipeleke likiwa kavu, limefungwa kwenye gazeti, na umwachie yeye amwagilie akishalipanda na wiki kupita.