Je, ni sahihi kuanza kuwaeleza watoto wa shule ya msingi habari za kazi za baadaye?

Mwanzisha mada (mzazi, Mwanga, Kigoma)

Ndugu zangu, salaam. Katika kikao cha wazazi cha shule anayosoma mwanangu lilitolewa pendekezo la kutenga saa moja kila Ijumaa, ili wanafunzi wa darasa la tatu hadi la sita watembelewe na watu wa kazi mbalimbali na kuelezwa wanachofanya na walikojifunzia. Kikao kiligawanyika. Waliokataa walisema mtoto wa miaka 9 hana analoweza kuamua kuhusu maisha yake, na kwamba saa hiyo ingefaa zaidi kwa Hisabati na Kiingereza. Mimi niliunga mkono, na ninaomba nieleze sababu zangu ili wenye mawazo tofauti wazipime.

Kwanza, muda wenyewe umetufikia. Kwa mujibu wa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, elimu ya lazima ni miaka 10, yaani sita ya msingi na minne ya sekondari hatua ya chini, na huko sekondari kuna mikondo miwili: elimu ya jumla na mafunzo ya amali, yaani ya ufundi na stadi za kazi. Watoto walioanza darasa la tatu kwa mtaala mpya Januari 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027. Mtoto wa miaka 12, au mzazi kwa niaba yake, atatakiwa kuelewa tofauti ya mikondo hiyo, wakati wengi wetu tulianza kuyafikiria mambo haya baada ya kidato cha nne.

Pili, si kweli kwamba mtoto mdogo hajaanza kuamua. Mwaka 1981 mwanasaikolojia wa Marekani, Linda Gottfredson, alieleza kuwa mtoto haanzi kwa kuchagua kazi, bali kwa kuziondoa moja moja katika mawazo yake: kati ya miaka 6 na 8 huondoa zile anazoziona kuwa ni za jinsia nyingine, na kuanzia miaka 9 hivi huondoa zile anazodhani hazilingani na hali ya watu wa kwao. Nikitazama mwalo wa Kibirizi, mahali wavuvi wa hapa Kigoma wanapopakulia samaki, sioni sababu ya kumbishia. Binti anayekua akiona wanaume wakiingia ziwani usiku na wanawake wakianika dagaa asubuhi ameshajifunza jambo kuhusu nafasi yake, na hakuna mtu aliyekaa naye akamwambia kuwa mambo yanaweza kuwa vinginevyo.

Ziwa lenyewe ni mfano ninaoupenda kuliko yote. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisitishwa ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Watoto wetu waliona baba zao wakikaa nyumbani na nyavu zikiwa zimekunjwa. Ni wangapi walielezwa kwamba wapo watu ambao kazi yao ni kukadiria wingi wa samaki na kujua msimu wa kuzaliana kwao, na kwamba Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ina kituo hapa hapa Kigoma? Uamuzi uliogusa sahani ya kila nyumba ulitegemea maarifa ya fani ambayo watoto wa wavuvi hawajawahi kuisikia ikitajwa darasani. Hali ni hiyo hiyo kwa Gombe, hifadhi ya sokwe iliyo hapa mkoani kwetu. Mtafiti Mwingereza Jane Goodall alifika huko Julai 1960 akiwa na miaka 26 na bila shahada ya chuo kikuu, na tangu hapo kazi ya kuwafuata sokwe na kuandika mienendo yao imebebwa kwa sehemu kubwa na Watanzania, wakiwemo watu wa vijiji vya jirani. Ukimuuliza mtoto wa hapa atakuwa nani, atakutajia daktari, mwalimu au askari. Ni kazi za heshima, lakini orodha hiyo ni fupi mno kwa mkoa wenye ziwa, msitu, bandari na reli.

Mwalimu wa darasa la tano, Kasulu

Ndugu yangu, nia yako ni njema, ila sisi tulio darasani tunaona jambo hili kwa upande mwingine. Somo la Stadi za Kazi lilikuwemo katika mtaala wa mwaka 2005. Kwa kuwa halikuwa katika mtihani wa kumaliza darasa la saba, kipindi chake ndicho kilichokuwa cha kwanza kugeuzwa kuwa cha Hisabati, na sikumwona mzazi aliyekuja kulalamika. Katika darasa langu watoto hukaa wanne kwenye dawati moja, na wapo waliofika darasa la tano wakiwa bado wanasoma kwa kuunganisha silabi. Mtoto asiyeweza kusoma aya moja akaielewa atanufaikaje na maelezo ya mtafiti wa samaki?

Lipo na jambo linalonitia hofu zaidi. Nimeshasikia wazazi, na kwa masikitiko hata walimu wenzangu, wakisema kuwa mkondo wa amali ni wa watoto wasio na akili ya darasani. Tukiwaingizia watoto habari za kazi kabla ya kusafisha fikra hiyo, mtoto wa mkulima atapelekewa fundi seremala, mtoto wa mtumishi atapelekewa mwanasheria, na tutakuwa tumewagawa kabla hata ya mtihani kuwagawa.

Mzazi, Urambo, Tabora

Ninachangia kama mama ninayeishi kwenye tumbaku. Huku watoto hawana upungufu wa kuzijua kazi. Wanazijua mapema kupita kiasi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka umri wa chini wa kuajiriwa kuwa miaka 14 na inakataza kazi za hatari kwa mtoto, lakini msimu wa kuvuna ukifika utawaona mashambani. Majani mabichi yenye unyevu hupitisha nikotini kwenye ngozi, na mtoto huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kutapika. Ombi langu ni kwamba ziara za namna hiyo zisigeuke kuwa njia ya kupata vibarua wa bure. Mgeni aje shuleni. Watoto wasipelekwe shambani kwake. Kwa sharti hilo ningefurahi mno wanangu wamsikilize mtu aliyesomea nyuki katika chuo cha ufugaji nyuki cha Tabora mjini, maana wao wanadhani asali ni jambo la kurithi mzinga wa babu tu.

Mwanzisha mada

Sharti la mama wa Urambo ninalichukua lilivyo, na nitalipeleka kwenye kamati ya shule kwa maandishi.

Mwalimu, kuhusu kusoma hatupingani kwamba ndiko kunakotangulia. Hata hivyo, sioni kwa nini mgeni asimame nje ya somo. Darasa la tano linapofundishwa mzingo na eneo, fundi wa boti anaweza kuja na kamba yake na mbao zake akaonesha anavyokadiria ubao wa chombo kizima, na hesabu ikabaki kuwa hesabu. Lile la kuwagawa watoto ndilo zito, na ninalichukulia kwa uzito huo. Ndiyo maana ninapendekeza darasa zima liwasikilize wageni wote, na ikiwezekana waje wawili wa eneo moja la kazi, kwa mfano fundi aliyepitia chuo cha ufundi cha VETA pamoja na mhandisi, ili watoto wasikie jinsi wanavyotegemeana. Mtoto asiulizwe amechagua nini, na asijaziwe fomu wala kupewa alama. Wazazi nao wasichangishwe hata shilingi, kwa sababu wageni ni majirani zetu.

Ninakuuliza basi, Mwalimu: iwapo wageni watakuja mara moja tu kwa mwezi, ndani ya kipindi chako cha Hisabati au Sayansi, kwa mada utakayoipanga wewe mwenyewe, bado ungekataa?