Naomba ushauri: niache sigara nihamie ugoro?
Wakuu habari. Nina miaka 38, navuta pakiti moja kwa siku, mwaka wa 14 huu. Kikohozi cha asubuhi kimeanza kunitia hofu. Jamaa wa kijiweni ananishawishi nihamie ugoro, eti hauna moshi, mapafu yatapona. Juzi nikajaribu: kabonge kadogo chini ya mdomo, magadi yakaniunguza fizi, kichwa kikazunguka nikakaa chini kama mlevi! Binamu yangu aliyeko Sweden anasifia snus, yaani ugoro wa huko wa kuweka mdomoni, ila Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku tangu 1992, kasoro huko kwao tu. Na ugoro nao unaleta saratani ya mdomo. Mliofanikiwa kuacha vyote, mlianzaje? Bigijii nimetafuna mpaka taya linauma.