"BIMA SUBIRINI, KESHI NJOONI": hawa watu wanatuona sisi nani?

Wakuu, naandika nikiwa ndani ya daladala. Mama yuko pembeni yangu, kajitanda khanga mpaka puani, hataki kuongea na mtu. Vidole vinanitetemeka, mkiona herufi zimekosewa mnivumilie.

Ile hospitali mnaijua. Ile ya vioo vya bluu, yenye mlinzi anayesalimia magari tu. Siitaji, wasimamizi wasije wakaufuta uzi.

Tumefika saa moja kasoro asubuhi. Mama ana miaka 71, goti limevimba kama papai. Tumekaa kwenye lile benchi la chuma mpaka tukaota mizizi. Saa nne na nusu ndiyo anatoka yule dada wa mapokezi, mnamjua, kucha ndefu kama kwato, anasimama katikati ya ukumbi watu wote wanamwangalia, anapaza sauti: "BIMA SUBIRINI, KESHI NJOONI!"

Bima subirini! Keshi njooni! Kama anatenganisha mbuzi na kondoo mnadani. Kuna kijana aliingia dakika hiyohiyo, anakohoa kikohozi cha kuombea ruhusa kazini, akampita mama yangu na goti lake akaingia kwa daktari.

Mimi mwalimu. Kila mwezi nakatwa asilimia 3 ya bima kabla sijauona mshahara, mwajiri anaongeza 3 nyingine. Sijawahi hata siku moja kusema "makato subirini".

Haya, tukaingia. Daktari hakuligusa goti. Hata khanga hakuisogeza. Kaandika vipimo saba, kuanzia malaria, mkojo, mpaka kipimo cha vidonda vya tumbo. Goti jamani! Halafu nesi analeta fomu: "Mama, saini hapa chini." Juu patupu, peupe kama sanda. Nikauliza mbona haijajazwa? "Tutajaza baadaye, foleni ndefu." Nikagoma, akanitazama kama nimemtukania ukoo. Tukafika dirisha la dawa: "Hii haimo kwenye bima, kanunueni nje."

Kwahiyo kwenye benchi mama hana thamani, ila fomu ikija ana thamani ya vipimo saba. Kila kipimo kina bei yake, wakiandika vingi wanadai vingi. Na hela ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) inakuja kwa kuchelewa, ya keshi inaingia kwenye droo leo. Ndiyo maana BIMA SUBIRINI. Mbele ya mama yangu mzazi!

Nyangumi_Mwekundu: Nimevuta kiti. Goti limepona lakini?

Bibi Harusi wa Zamani: Huyo dada namjua mimi! Aliniuliza "bima au keshi" uchungu umeshanishika. Nusura nijifungulie juu ya kaunta.

Kobe Mpole: Mwalimu na wewe, goti la papai unalipeleka hospitali ya vioo kufanya nini? Ungeenda ya wilaya ukakae na wenzio. Unapenda kiyoyozi, lipia kiyoyozi.

Mtoa uzi: Nimeshalipa! Kila mwezi nalipa! Kadi haijaandikwa "ya wilaya".

Chumba cha Madai: Mimi najaza hizo fomu, si hapo kwenu. Tunapeleka madai, yanarudi yamekatwa kwa sababu namba moja ya ugonjwa imekosewa. Bei ya kitita, yaani orodha ya huduma na bei ambazo Mfuko unalipa, haifiki bei ya keshi, na mishahara ya manesi haisubiri. Mnasahau 1 Machi 2024 hospitali binafsi ziligomea kitita kipya? Mwenye hospitali anafidia palipopungua kwa kuandika vipimo. Kumsainisha mgonjwa fomu tupu ni wizi, hapo simtetei mtu.

Mtoa uzi: Mkuu nimekuelewa, lakini mama yangu hakupanga kitita. Kwa nini atangaziwe ukumbini?

Mshamba Halisi: Dawa ni moja, wawalipe kwa kichwa. Hospitali inapewa kiasi kwa kila mtu aliyejiandikisha kwao, apimwe saba asipimwe. Tamaa ya vipimo inaisha.

Mkenya Jirani: Jameni, kwa kichwa? Tuliionja enzi za NHIF yetu, bima ya zamani ya Kenya. Unajichagulia hospitali moja, pesa yao imeshaingia, ukifika unapewa panadol na pole. Sasa tangu 1 Oktoba 2024 tuko SHA, bima mpya ya serikali, asilimia 2.75 ya mshahara wote, hakuna kikomo, na ukifika dirishani unaambiwa sistimu imelala. Nyinyi angalau mnaambiwa msubiri!

Mama Wawili: Wenye ajira mnalia goti. Sisi tulikuwa na Toto Afya Kadi, shilingi 50,400 mtoto anatibiwa mwaka mzima. Mwaka 2023 wakabadilisha, mtoto aandikishwe kupitia shule au tulipie familia nzima. Wangu wakati huo ana miezi minane, nimpeleke kidato cha ngapi?

Kobe Mpole: Mpeleke kwa Mwalimu hapo juu.

Dereva wa Bajaji: Mimi huyo mlinzi ndiye nina kesi naye. Nimembeba mgonjwa anatapika, ananiambia bajaji mwisho getini. Mgonjwa katembea jua la saa saba!

Bibi Harusi wa Zamani: Mlinzi afadhali, kantini je? Chai na maandazi mawili 3,500, na maandazi yenyewe ya jana.

Nyangumi_Mwekundu: 3,500?! Hiyo ni nauli yangu ya siku tatu.

Dereva wa Bajaji: Vuka barabara, kuna mama anauza ya moto mia mbili mbili.

Mtoa uzi: Wakuu, turudi kwenye mada. Alisema BIMA SUBIRINI. Mama yangu alikuwa ameshanyanyuka, akakaa tena.

Mama Wawili: Huyo mama wa ng'ambo ya barabara anaweka iliki au hapana?