Picha za Burtynsky za Dandora: ni sanaa ama ni kuuza shida zetu?

mzee_wa_lenzi: Wakuu, yule Mkanada Edward Burtynsky anayepiga picha za mandhari alifika Nairobi 2016, akapiga dampo la Dandora na zile pembe za ndovu kabla serikali haijazichoma. Plastiki imejaa fremu nzima, ukiwa mbali unaona rangi tu, tena nzuri, ukisogea ndo unagundua ni uchafu. Sasa taka zikipendeza hivyo, anasaidia ama anauza?

Kui_254: Anauza, hiyo iko wazi. Picha ziko kwa magalari ya ng'ambo na hao watu wanaoishi juu ya takataka hawana habari.

fezi_foo: Ngoja kidogo. Nani anaishi juu ya takataka? Mimi nimezaliwa Dandora, tuko na nyumba za mawe, shule, makanisa kibao, mtaa ulijengwa na pesa za Benki ya Dunia miaka ya 70. Dampo mlituletea nyinyi.

Kui_254: Mbona unapanik, mimi naongea mambo ya picha.

fezi_foo: Picha gani? Hizo chupa na makopo ya yogati yanatoka mitaa ya kitajiri, Lavington na Kileleshwa, malori yanashuka nayo mchana kutwa, na dampo lilitangazwa limejaa tangu 2001. Wewe unakaa wapi kwanza?

bahati_tz: Hapa Dar tuna la Pugu Kinyamwezi, kwa hiyo poleni. Ila tusimwonee jamaa, hata kwao Kanada amepiga machimbo ya mafuta ya Alberta, na Bangladesh akapiga meli zinavyokatwakatwa ufukweni. Anataka uone ukubwa wa kitu, ndo maana anapanda helikopta.

Kui_254: Hiyo helikopta ndo shida yenyewe! Kutoka huko juu binadamu anakuwa kidoti, huwezi jua anaitwa nani wala kilo ya plastiki anauza ngapi.

jirani_kayole: Mimi bado naumia na zile pembe. Tani 105 mnawasha moto, si wangeuza wajenge dampo la maana huko mbali?

mzee_wa_lenzi: Biashara ya pembe kati ya nchi na nchi imepigwa marufuku bro, ungemuuzia nani? Na turudi kwa swali jamani.

jirani_kayole: China.

fezi_foo: Huko mbali ni wapi, Kayole? Moshi ukigeuka jioni si mnafunga madirisha kama sisi. Na Kui bado hajasema anakaa wapi.

Kui_254: Kilimani, hapo karibu na Kileleshwa. Sasa?