Naomba ushauri: nitathibitishaje kuwa taarifa ya uongo ndiyo iliyonitia hasara kwenye hisa?

Wakuu, habari zenu. Nilinunua hisa 4,000 za kampuni moja iliyoorodheshwa soko la Dar es Salaam, kila moja Sh 500. Waraka wa matarajio, yaani ule ambao kampuni huutoa kujieleza kwa wanunuzi wa hisa zake, ulisema deni la benki limeshalipwa. Ukurasa ule niliupigia mstari kwa kalamu nyekundu, bado ninao. Baadaye kampuni ikakiri deni lipo palepale. Bei ikashuka hadi Sh 310.

Wakili niliyemwona anasema uongo kuuonyesha si kazi. Kazi ni kuunganisha uongo na hasara yangu. Wiki ileile hisa nyingine nazo zilishuka, kwa hiyo watadai ni soko tu lililoanguka. Na je, kweli nilinunua kwa kuamini waraka, au kwa sababu dalali alinishauri?

Nimesoma kwamba Marekani, tangu kesi ya Basic dhidi ya Levinson ya 1988, mahakama inaweza kuchukulia kuwa mnunuzi aliiamini bei ya soko, maana bei hubeba taarifa zilizotangazwa. Lakini kesi nyingine ya hukohuko, ya Dura ya 2005, ikasema kununua kwa bei iliyopandishwa na uongo hakutoshi peke yake. Lazima uonyeshe hasara imetokana na uongo wenyewe. Hilo la pili ndilo linaloninyima usingizi, maana ile ilikuwa pesa ya ada ya wanangu.

Kwa waliowahi kudai hapa kwetu: mlitenganishaje anguko la kampuni na la soko zima? Nianzie Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana au niende mahakamani moja kwa moja?