Kanga ya kompyuta: mbona jina linachechemea?

Fundi_Langoni: Asalaam aleikum jamani. Niko Lamu hapa, mwezi mzima natengeneza programu kwa p5.js, maktaba ya JavaScript ya kuchorea, inayochora kanga kwenye skrini, kila ukibonyeza inatoka mpya, pindo linazunguka pande zote nne, katikati, yaani mjini, korosho zinajipanga zenyewe kwa rangi mbili tatu, hapo sina shida kabisa. Shida ni jina, ule msemo unaoandikwa kwenye kanga. Nataka kompyuta ilitunge yenyewe, mizani, yaani silabi, 8 kwa 8 kama mshororo wa shairi, nimeipa maneno na inahesabu vokali. Jana ikatoa "Mtoto mpole amelala" ikaniambia ni 8, mamangu akaisoma kwa sauti akasema hii yachechemea. Nakosea wapi?

BintiShela: Waleikum salaam kakangu. Mamako ana sikio mashallah. Hesabu kwa mdomo: m-to-to m-po-le a-me-la-la, ni 10 hiyo. M ikifuatwa na konsonanti ni silabi yake yenyewe, hata katikati ya neno, a-m-ka ni 3. Mw usiiguse, mwa-na ni 2. Na n ya nchi na nne pia ihesabu. Sasa mb ndo kazi, mbuzi ni 2 lakini mbunge ni 3, hapo sharti moja halitoshi, yaandikie orodha yake.

Koda_Malindi: Baada ya mizani utagonga ngeli, nakwambia mapema. Mwaka 1952 kule Manchester, Uingereza, mtaalamu wa kompyuta Christopher Strachey aliifanya kompyuta iandike barua za mapenzi, kiunzi cha sentensi kipo, maneno yanaokotwa kwa bahati nasibu, na kwa Kiingereza yanakaa sawa maana kivumishi hakibadiliki. Kwetu ukiokota hivyo unapata "kisima mrefu". Mimi kila nomino naihifadhi na ngeli yake, kivumishi naweka mzizi tu, -refu, -zuri, programu inabandika kiambishi. Halafu ndugu yangu, kanga ya Lamu bila Kiamu, lahaja ya hapo kwenu? Tia mato (macho), mai (maji), ndia (njia), yasikike.

Fundi_Langoni: Shukran sana wote wawili. Nimekesha nayo, m nimeirekebisha na ngeli nimeanza na tatu, ikanitolea hii:

*Mtoto wangu kalala, taa ya dau yawaka*

Nimeihesabu kwa vidole mara mbili, 8 kwa 8. Mama kasema hii angeivaa. Kiamu naingiza leo usiku, orodha ya mb bado, mwenye maneno anitumie.