Orodha ya vitabu ya karatasi kutoka Koha: herufi T imenishinda

MkutubiMilimani
Salaam wakuu. Maktaba yetu ya shule iko huku milimani Lushoto, vitabu 2,300 na ushei, vyote nimeviingiza kwenye Koha, ile programu ya kompyuta ya kuendeshea maktaba. Umeme ukikatika ndiyo basi tena, mtoto wa kidato cha pili anarudi darasani mikono mitupu. Mkuu wa shule anataka orodha ya karatasi ikae pale kaunta. Nimetoa ripoti ya CSV (faili la jedwali), nikapanga kwa vichwa vya vitabu. Balaa! Herufi T peke yake kurasa tisa, kwa kuwa nusu ya vitabu vya Kiingereza vinaanza na "The". Na vile vya uandishi wa habari, namba 070 ya Dewey (zile namba za kupanga vitabu kwa mada), vimegeuka 70. Nimeshamaliza nusu rimu kwa majaribio, na wino hadi niagize Tanga. Nisaidieni.

FundiRekodi
Pole dada. Hiyo 070 programu ya jedwali inaidhania hesabu, inatupa sifuri ya mbele. Ukifungua faili kwa LibreOffice, kwenye kile kidirisha cha mwanzo bofya safu ya Dewey uiwekee aina ya maandishi.

"The" dawa yake iko ndani ya rekodi. Uga 245, yaani sehemu ya kichwa cha kitabu, una viashiria viwili, na cha pili kinasema herufi ngapi zirukwe wakati wa kupanga. "The" ni 4, maana nafasi nayo inahesabiwa. "A" ni 2. Kwenye ripoti ongeza:

ExtractValue(metadata, '//datafield[@tag="245"]/@ind2')

Ndani ya Koha, jedwali la biblio_metadata ndilo lenye hiyo data. Kichwa kikiwa safu B na kiashiria safu C, safu mpya andika =MID(B2;C2+1;200). Panga kwa safu hiyo mpya, ila chapa safu B.

Mzee wa Rafu
Mimi kupanga kwa vichwa sikubali. Mwanafunzi haji na kichwa cha kitabu, anakuja na "mwalimu kasema tusome mmomonyoko wa udongo". Panga kwa Dewey, waandishi uwawekee faharasa nyuma. Na majina uyakague kabla hujachapa: kwetu Shaaban Robert alikuwa kwenye S na kwenye R, utadhani ni ndugu wawili.

MkutubiMilimani
Wakuu, ahsanteni. Rekodi nyingi kiashiria kilikuwa 0, kumbe wakati naingiza nilikuwa nakiruka tu, sikujua kazi yake. Jioni mbili nzima nimekaa kurekebisha. Mzee, nimekusikiliza: Dewey mbele, waandishi nyuma, vichwa mwisho, na T sasa haifiki hata kurasa mbili. Shaaban kwangu alikuwa watatu! Mmoja ameandikwa "Shabani".

Nimeacha kurasa nne tupu za kuandika vitabu vipya kwa kalamu, nikatia spairo, nikaifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza. Watoto wangu nawajua.